BARUA PEPE IKIGOMA KUTOKA



Leo tujifunze juu ya barua pepe zinazokwama ofisini. Msiseme, "Hayo ni mambo ya karani, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Tuchukue mfano wa chama cha msingi katika msimu wa korosho. Karani ameandika kwenye kompyuta orodha ya wakulima 180. Kila mmoja ana kilo zake na namba ya akaunti yake ya benki. Anaituma kwa barua pepe kwenye chama kikuu. Barua haitoki. Wiki inapita, watu wanauliza fedha zao, naye anajibu, "Mtandao unasumbua." Je, ni kweli? Tutajuaje?

Kutuma na kupokea ni njia mbili

Tuanze na barua za posta. Barua unazoletewa huzikuta katika sanduku lako, na ufunguo unao wewe. Barua unayotuma huipeleka dirishani, ukanunua stempu. Ufunguo wa sanduku hautumi barua.

Barua pepe ni hivyo hivyo. Kompyuta ya ofisi haimpelekei mtu barua moja kwa moja. Kwanza huikabidhi kwa kompyuta nyingine inayofanya kazi kama posta. Hiyo huitwa seva. Kupokea kuna utaratibu wake, na kutuma kuna utaratibu wake. Ule wa kutuma unaofuatwa duniani uliandikwa mwaka 1982, na umerekebishwa baadaye. Kwa hiyo barua za wengine zikiingia vizuri, usidhani na zako zinatoka.

Soma kwanza

Barua iliyokwama hukaa katika kikasha cha barua zinazosubiri. Fungua kikasha hicho uitazame. Mara nyingi kompyuta huandika kosa lenyewe kwenye kioo. Usiyafute maneno hayo kwa haraka. Yasome, yanakili kwenye daftari. Fundi atakusaidia upesi ukimsomea maneno kuliko ukimwambia tu, "Imegoma."

Halafu fanya jaribio. Andika barua fupi, bila kiambatanisho, ujitumie mwenyewe. Ikitoka na kukufikia, basi njia ni nzima. Kosa limo ndani ya ile barua ya kwanza. Isipotoka, kosa liko njiani.

Kosa likiwa ndani ya barua

1. Anwani. Soma herufi moja moja. Mkato badala ya nukta unatosha kuharibu. Nafasi tupu katikati nayo inaharibu. Hatari kubwa zaidi ni anwani iliyo sahihi lakini si ya mtu uliyemkusudia. Hapo majina na akaunti za wakulima zitafika kwa mtu baki.

2. Ukubwa. Kila posta ina mzigo wake. Gmail, kwa mfano, inakubali kutuma mpaka megabaiti 25. Tena kiambatanisho kikifungwa kwa safari huongezeka kama theluthi moja. Kwa hiyo kilichokuwa megabaiti 20 kinaweza kupita kiasi. Karani akipiga picha za kurasa 30 kwa simu na kuzituma zote pamoja, zinaweza kukwama. Agawe mzigo, au atume orodha iliyopigwa chapa, ambayo ni nyepesi sana kuliko picha.

Kosa likiwa njiani

1. Mtandao. Bando limekwisha? Waya umechomoka? Programu nyingi za barua zina pia kitufe cha kufanya kazi bila mtandao. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, barua zote hukaa zikisubiri.

2. Saa na tarehe. Betri ndogo ya ndani ya kompyuta ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Seva ina hati ya utambulisho yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta yenye tarehe ya uongo huikataa hati hiyo. Sahihisha tarehe, ujaribu tena.

3. Neno la siri. Ukilibadilisha kwenye simu, programu ya kompyuta bado inatumia lile la zamani. Andika jipya pale pa kupokea na pale pa kutuma. Watumiaji wa Gmail wajue pia kwamba tangu mwaka 2022 Google ilianza kuzikataa programu za zamani zinazotumia jina na neno la siri peke yake.

4. Namba ya mlango. Seva ya kutuma ina milango yenye namba. Mlango 25 ni wa zamani, na makampuni mengi ya mtandao huufunga kwa sababu matapeli waliutumia kumwaga barua za takataka. Siku hizi barua za ofisini hutoka kwa mlango 587 au 465. Ndiyo maana ukibadilisha laini ya mtandao, barua iliyotoka jana inaweza kugoma leo.

Kutoka si kufika

Barua inaweza kutoka, kisha ikarudi na taarifa kwamba haikupokelewa. Isome taarifa hiyo, inataja sababu. Hata isiporudi, piga simu uulize, "Orodha yetu mmeiona? Ina majina mangapi?" Wakijibu 180, kazi imekwisha.

Na barua ikikataa kabisa, orodha ichapwe kwenye karatasi, itiwe saini, ipelekwe kwa mkono. Fedha za watu zisingojee kompyuta ipone.

Neno la siri asipewe mtu anayepiga simu na kujiita fundi. Fundi wa kweli halihitaji.

Nasi wanachama tusimshambulie karani kwa kelele. Tumwombe atuonyeshe kile kikasha. Kusoma tunajua.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mtu anaweza kupokea barua pepe lakini ashindwe kutuma?
2. Barua fupi imetoka, ile yenye orodha imekwama. Mtatazama nini?
3. Katika chama chenu, nani huhakikisha kwamba orodha imefika?