Kazi ambayo kosa lake linaonekana daftarini

Mimi ni karani wa mizani na mtunza ghala hapa Nangwa, wilayani Hanang, na nina usonji. Namwandikia mtu mzima mwenye hali kama yangu anayetafuta kazi vijijini kwetu, na mama au kaka anayehangaika kumtafutia. Kila tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, redio na magazeti yetu huzungumzia watoto: dalili zao, shule zao, mzigo wa mzazi. Ni vizuri yasemwe. Lakini watoto hao hukua, wakamaliza darasa la saba au kidato cha nne, wakarudi nyumbani, na hapo simulizi hukatika. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari daktari wa Moshi aliponiambia hali yangu inaitwaje. Kabla ya hapo nilikuwa naitwa mwenye kiburi.

Nianze na ushauri ninaouamini kuliko mingine yote. Tafuta kazi ambayo kosa lake linaonekana kwenye daftari au kwenye mizani. Iache ile ambayo kosa lake linaonekana usoni kwa mtu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa dukani mjini Babati. Kupanga bidhaa na kuhesabu mauzo nilifanya vizuri, ila nilitakiwa pia kumsoma mteja: huyu anapunguziwa bei, huyu anavutwa kidogo, huyu akinyamaza ujue ameudhika aitwe arudi. Mwenye duka aliniambia, "Wewe muangalie tu, utajua." Nilimwangalia na sikujua. Kazi ilikwisha, na ilikuwa haki yake kumtaka mtu mwingine, kwa sababu duka linaishi kwa wateja.

Ghalani mambo ni tofauti kabisa. Gunia ama lina kilo 100 au halina. Kipima unyevu kikisoma zaidi ya asilimia 13.5, mahindi hayajakauka vya kutosha, na yakiingizwa hivyo yataota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Hakuna haja ya kubahatisha hisia za mtu. Tena kule kung'ang'ania jambo liwe kama lilivyoandikwa, ambako dukani kuliitwa ukaidi, mkulima anakuhitaji. Wanunuzi wengine bado wanataka lumbesa, gunia lililovimbishwa juu kwa kilemba, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiikataza miaka yote. Mkulima wa mbaazi anayemwona karani asiyebembelezeka kwenye mizani humrudia msimu unaofuata, na bosi huona hilo kwenye mapato yake.

Kazi za namna hii zipo nyingi kuliko tunavyodhani, hata katika wilaya ya ngano, alizeti na mifugo kama yetu. Kuna fundi wa pikipiki, mpokeaji wa maziwa anayepima na kuandika, mfuga nyuki, mshonaji wa sare, mchapaji kwenye duka la steshenari. Mifugo niitaje peke yake. Temple Grandin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1947 na mwenye usonji, ni profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Alijipatia jina kwa kuingia mwenyewe kwenye vichochoro vya kupitishia ng'ombe na kuangalia kile wanachokiona wao: kivuli sakafuni, mnyororo unaoning'inia, koti lililotundikwa kwenye uzio. Vitu hivyo ndivyo huwafanya wagome, na wenye mifugo hawakuwa wameviona. Yeyote aliyesimama joshoni au mnadani Katesh akaona ng'ombe wanavyochapwa kwa sababu tu wamegoma mlangoni ataelewa thamani ya jicho la namna hiyo. Kijana wako anayekaa na ng'ombe siku nzima bila kuchoka, akajua yupi anachechemea kabla ya wengine kujua, usimhurumie. Mtafutie mwenye mifugo mingi anayelipa mshahara.

Sasa kuipata kazi yenyewe. Nangwa kazi haitangazwi. Bosi huuliza kanisani, kwa jirani, au kwa mtu anayekunywa naye chai: "Huna kijana mwaminifu uniletee?" Sisi tusiojua kukaa vijiweni tunapitwa hapo hapo. Kwa hiyo unahitaji mtu wa kukusemea, na lazima mkubaliane kabla atasema nini. Mjomba wangu ndiye aliyenipeleka ghalani. Nilimwomba asiseme "msaidieni huyu, ana matatizo", kwani maneno hayo huleta huruma ya siku mbili na kazi ya kufagia. Alisema hivi: "Mpwa wangu si mwongeaji, lakini akihesabu hakosei. Mjaribu wiki moja ya mavuno, umlipe kama kibarua, kisha uamue." Bosi hakuwa na sababu ya kukataa. Angalia mambo mawili katika maneno yale: muda wa majaribio una mwisho, na una malipo. Usikubali kujaribiwa bure, maana majaribio ya bure huwa hayaishi.

Kwenye majaribio kazi yako inakusemea vizuri kuliko usaili wowote. Usaili ni mgumu kwetu, na ugumu wake hauko pale watu wengi wanapodhani. Salamu hazinipi shida hata kidogo. Shikamoo ina jibu lake, habari za nyumbani ina jibu lake, za kazi, za mifugo, zote zina njia iliyonyooka, na nashukuru kwamba desturi yetu imeniandalia maneno. Shida huanza salamu zinapoisha. Macho nayo yana mambo yake. Kijijini, kijana akiinamisha macho mbele ya mzee anaonekana ana adabu, kwa hiyo nimekua bila kulaumiwa kwa hilo. Mjini, mbele ya meza ya wasaili, jambo lile lile linaonekana kama mtu anaficha kitu. Ninachofanya ni kusema mapema: "Nikiangalia chini ndipo nasikia vizuri." Wasaili wengi wameitikia kwa kichwa tukaendelea.

Ukiomba kazi serikalini kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, soma tangazo mpaka chini. Watu wenye ulemavu wanahamasishwa kuomba, na wanatakiwa kuainisha ulemavu wao kwenye mfumo wenyewe. Ainisha. Usisubiri uitwe kwenye chumba cha usaili ndipo uanze kueleza. Kwa hilo unahitaji barua ya daktari, na barua hiyo inafaa pia mtaani, maana wapo wanaoamini hali hii ni laana au mapepo. Nakala yake mpelekee Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, ofisini Katesh, ili uwe kwenye orodha. Katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, na asiye kwenye orodha hupata habari mikopo ikishagawiwa.

Je, umwambie bosi kwamba una usonji? Nasema ndiyo, lakini mwambie kwa vitendo kabla ya jina. Neno usonji peke yake halimwambii afanye nini kesho asubuhi. Mimi niliandika karatasi moja, kwa mkono, yenye mambo manne: nikipewa maagizo matatu kwa mdomo kwa mpigo, la tatu hupotea, hivyo niandikiwe, kelele za mashine ya kukamua alizeti zinaniumiza, hivyo nitavaa vizuia kelele masikioni, ratiba ikibadilika niambiwe jioni ya kabla yake, na nikikosea niambiwe kwa maneno, nisinuniwe. Karatasi ile haikumgharimu bosi shilingi. Tena la kwanza liko karibu na sheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi maelezo ya ajira yake, yakiwemo majukumu ya kazi, saa za kazi na malipo. Mfanyakazi yeyote anastahili hayo. Kwetu sisi ni nusu ya kazi kufanyika.

Kudumu ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi wetu huanguka, kwa sababu watu hawafukuzwi kwa hesabu mbaya tu. Hufukuzwa kwa kuonekana hawako pamoja na wenzao. Makuli hutaniana tangu asubuhi. Mimi siwezi kutofautisha utani na ugomvi, basi nilimchagua mtu mmoja, mama anayepika chai pale ghalani, nikamwomba ruhusa ya kumuuliza: "Mama, hili ni utani au kweli?" Hunijibu kwa neno moja. Chagua mtu mmoja hivyo, na awe mtu asiyegombania nafasi na wewe.

Kisha kuna misiba. Hapa kwetu mtu asiyeonekana msibani hana wenzake, na kazini watalijua. Lakini turubai lililojaa watu, vilio, vyombo na harufu ya moshi hunimaliza nguvu za siku nzima. Nilichogundua ni kwamba msiba una kazi zake, na mwenye kazi haulizwi kwa nini hakai na watu. Mimi huomba kuandika michango. Nakaa pembeni na daftari, kila anayefika anapita kwangu, jina lake naliandika, na jioni hesabu inasomwa. Nimeonekana na kila mtu bila kuketi katikati ya turubai. Asiyependa kuandika achote maji au apasue kuni. Harusi ni hivyo hivyo. Kwenye kamati za michango wahasibu wasioiba wanatafutwa sana.

Panga pia siku zisizo za kawaida zikiwa bado hazijafika. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walifariki. Msiba ule ulikuwa wa wilaya nzima. Wiki zilizofuata hapakuwa na ratiba ya mtu yeyote, na mimi, ninayeishi kwa ratiba, nilikuwa sisemi tena. Bosi alinipa kazi moja tu: kupokea na kuhesabu vilivyoletwa, asubuhi hadi jioni, bila kuhamishwa. Niliweza. Tangu hapo tumekubaliana kazi hiyo ya kuhesabu ndiyo yangu kila mambo yanapovurugika, liwe lori lililokwama, ukaguzi wa ghafla au mvua ya mavuno. Uliza mapema: siku ikiharibika, nifanye nini?

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Hapa Nangwa waajiri wengi hawafikii idadi hiyo, lakini halmashauri, viwanda na mashamba makubwa wanaifikia, na barua ya maombi inaweza kuitaja sheria kwa adabu. Ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Fahamu kwamba ulinzi huo haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6, kwa hiyo tarehe uliyoanza kazi iwe imeandikwa mahali, na nakala ubaki nayo.

Na bosi akibadilika, usidhani ameambiwa. Mwenye ghala akiuza, au mwanawe akirithi usimamizi, makubaliano ya mdomo huondoka naye. Siku ya kwanza ya msimamizi mpya mpelekee ile karatasi ya mambo manne, muombe dakika kumi asubuhi kabla malori hayajafika, na muombe aweke sahihi chini.