SOMO: KUJENGA NJIA NDOGO YA TRENI NYUMBANI, NA KUIONGEZA



Ku Hewa Bora kila mtoto anajua mutuka ya fili za chuma na mikebe. Mutuka inapita popote: ku mchanga, ku barabara, hata mu matope. Treni haiko vile. Inaenda pale tu reli inakwenda, na kama reli hazikutani sawasawa, safari imekwisha. Basi leo tutaona namna ya kujenga njia ndogo ya treni, na zaidi namna ya kuiongeza bila kuvunja ile ya kwanza.

1. Historia inatufundisha nini?

Reli ilifika Lubumbashi (wakati ule Elisabethville) mwaka 1910, ikitokea kusini kwa njia ya Sakania. Tena haikujengwa yote mara moja: ilifika Bukama mwaka 1918, na Ilebo mwaka 1928. Upana kati ya reli mbili ulikuwa 1067 mm, sawa na wa Zambia na Afrika ya Kusini. Kwa hiyo wagoni ziliweza kuvuka mpaka bila shida.

Lakini upande wa Kindu, Kabalo na Kalemie, kampani nyingine ilijenga reli za upana wa 1000 mm. Tofauti ni 67 mm tu, haifikie upana wa kiganja. Hata hivyo wagoni ya Katanga haikuweza kupita kule. Njia ya Kamina–Kabalo ilipoungana nao mwaka 1956, zile reli za zamani zilipaswa kupanuliwa mpaka 1067 mm, mamia ya kilometri. Ni kazi kubwa, sababu watu hawakupatana mbele. Hii ndiyo shina la somo letu: kwanza tupatane kipimo, kisha tujenge.

2. Kipimo chetu

Tunachagua 1/30, maana yake kila kitu cha kweli tunakigawanya kwa 30.
– Upana wa reli: 1067 ÷ 30 = karibu 36 mm.
– Wagoni ya 12 m: 40 cm.
– Mtu wa 1 m 65: 55 mm.
Lakini urefu wa njia hatuwezi kuufuata. Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni zaidi ya 100 km; ukigawanya kwa 30 unapata zaidi ya 3 km, na uwanja wa nyumba yetu hautoshi! Tunachagua kituo kimoja au viwili tu.

3. Ubao wa kwanza

Nyumba nyingi ziko ndogo, na wakati wa mvua hakuna kitu kinalala inje. Kwa hiyo tunajenga ku ubao wa 1 m kwa 20 cm, ule unaweza kusimamishwa nyuma ya mlango kila jioni. Reli ni mwanzi uliopasuliwa, unene wa 5 mm. Traverse, ni ile miti inalala chini ya reli, ni vijiti vidogo. Reli inyanyuke angalau 8 mm juu ya ubao. Toboa mwanzi kwa fili ya moto mbele ya kupiga musumari, vinginevyo utapasuka.

Sasa kata kipande cha mti mgumu cha upana wa 36 mm kamili. Kipitishe kati ya reli toka mwanzo mpaka mwisho. Kikikwama, reli ziko karibu sana. Kikichezacheza, ziko mbali. Hicho kipande ndicho mwalimu wa kazi yote. Usikipoteze.

4. Magurudumu

Kila gurudumu liko na sehemu mbili: kifuniko cha chupa kwa ndani, na duara ndogo ya sapato ya zamani kwa inje. Duara inatembea juu ya reli. Kifuniko kinashuka ndani yake na kuzuia wagoni isianguke. Toka uso wa inje wa kifuniko kimoja mpaka uso wa inje wa kingine iwe 34 mm, ili kubaki nafasi ya 1 mm kila upande. Spoki ya nkinga ndiyo inashika magurudumu mawili, nayo inazunguka ndani ya kalamu ya Bic iliyokwisha.

5. Kuongeza

Kila ubao mupya ufuate sheria tatu:
a) Reli zitoke katikati ya ubao, na 10 cm za mwisho ziwe zimenyooka.
b) Juu ya reli iwe na kimo kimoja ku mbao zote.
c) Kipande cha 36 mm kikatwe kwa kufuata kile cha kwanza, si kwa kufuata cha jirani, sababu kosa dogo linaongezeka kila mara linapoigwa.

Kona: piga musumari, funga kamba ya 1 m, na zungusha na kipande cha makala. Loweka mwanzi mu maji kwanza. Ku kona panua reli mpaka 38 mm, na magurudumu ya mbele na ya nyuma yasipite 10 cm kati yao.

Kwa namna hii wanafunzi kumi, kila mmoja na ubao wake ku nyumba yake, wanaweza kukutana ku shule siku moja na kuwa na njia ya 10 m. Asiyefuata kipimo atazuia treni ya wote.

Angalisho: tusitoe hata musumari moja ku reli ya kweli. Kule watu wanasafiri.

Maswali
1. Juu ya nini reli za upande wa Kabalo zilipanuliwa?
2. Daraja la kweli liko na 45 m. Ku kipimo cha 1/30 litakuwa na urefu gani?
3. Ubao wako na wa mwenzako zinakutana, lakini wagoni inaanguka pale pale. Taja vitu vitatu vya kupima.