Somo la Mwezi: Chakula cha Wazee Wetu

Soma: 2 Samweli 19:31-35, Matendo 6:1-6

Mfalme Daudi alipomwalika Barzilai akale kwake Yerusalemu, mzee huyo wa miaka 80 alikataa. Alieleza kwamba hawezi tena kuonja ladha ya chakula wala kinywaji. Hakuwa mkaidi, alisema kweli juu ya mwili wake. Akina Barzilai tunao nyumbani, nasi husema, "Mzee hapendi kula, ndio uzee." Tujifunze leo kwamba kukonda si sharti la uzee.

Sababu zake. Ulimi wa mzee huonja kidogo, na meno hupungua. Kiu nayo hupungua, hata akaweza kukaukiwa maji bila kujua. Dawa nyingine huondoa hamu ya kula. Tena, kula peke yako siku zote huvunja moyo.

Dalili zake. Tusingoje mpaka mifupa ionekane. Tuangalie mshipi unaoongezwa matundu na pete inayolegea. Mzee wa kilo 60 akipungua kilo 3 kwa miezi mitatu bila kukusudia, apelekwe zahanati. Akiachwa hivyo, nguvu humwishia, huanguka ovyo, na vidonda vyake huchelewa kupona.

La kufanya. Wengi hudhani chai na mkate vyamtosha mzee. Sivyo. Kwa siku anahitaji angalau gramu 1 ya protini, yaani chakula cha kujenga mwili, kwa kila kilo ya uzito wake. Basi huyu wa kilo 60 anahitaji gramu 60. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15 hivi. Tupige hesabu wenyewe: chai na mkate vitafika wapi? (Mwenye ugonjwa wa figo amwulize mganga kwanza.)

Tumpe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku: uji wenye maziwa na karanga zilizosagwa, maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, mtindi, parachichi. Chai ingoje saa moja baada ya mlo, maana huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage. Maji tumpe bila kungoja aombe. Akipaliwa mara kwa mara, aonwe na mganga.

Kanisa lifanyeje? Katika Matendo, wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuliona kuwa jambo dogo. Walichaguliwa watu saba, wenye sifa njema, kulisimamia. Basi tukimtembelea mzee asiyefika ibadani, tusiishie kumwombea mlangoni. Tuingie, tuone sufuria yake ina nini, tuketi tule naye.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Jana mzee wa nyumba yetu alikula nini, na nani alikula pamoja naye?
2. Mtaani kwetu ni mzee gani apikaye peke yake?
3. Nani atakwenda kwake juma hili, na atachukua nini?