Hirizi ya Bibi: Niitupe Baharini?

Bi Mkubwa, marehemu bibi yangu aliniachia hirizi ya fedha yenye mkufu wake, imetiwa nakshi nzuri sana. Mwezi uliopita mwanangu alipata homa usiku, nikamvalisha, na mume wangu akaikuta shingoni mwa mtoto. Anasema ni shirki, niitupe baharini. Mama mkubwa naye amenionya kwamba nikiitupa, balaa litatuandama. Sonara ameshanipa bei. Silali. Nifanye nini?
Mama wa watoto wawili, Tanga

Mwanangu, naanza na mtoto. Homa ya usiku huku kwetu pwani haingojewi ishuke yenyewe. Mtoto apelekwe akapimwe malaria. Siku nyingine akichemka, mbebe uende zahanati, na dua uisome njiani. Sikulaumu kwa ulilofanya. Bibi zetu wengi walifanya hivyohivyo, na hofu ya mama usiku wa manane naijua.

Sasa hirizi yenyewe. Mumeo anataka itupwe, mama yako mkubwa hataki iguswe, na wote wawili wanaiogopa. Ukiamua kwa hofu, upande wowote ule, utakuwa umekipa kipande cha fedha uwezo kisiokuwa nao.

Mumeo hakubuni alichokisema. Ziko hadithi za Mtume (S.A.W.) zinazokataza hirizi waziwazi, na ile iliyopokewa na Uqba bin Amir inaihesabu kuwa shirki. Lakini juu ya hirizi yenye aya za Qur'ani peke yake, wanazuoni wametofautiana tangu zamani. Yapo mapokezi kwamba Abdullah bin Amr alikuwa akiwaandikia dua watoto wake wadogo na kuwavalisha, na wapo waliokataa hata hiyo, wakichelea watu wasije wakategemea kitu badala ya Mola wao. Mimi nauona msimamo wa hawa wa pili kuwa ndio salama. Talasimu za herufi na tarakimu zisizoeleweka, hizo hazina mtetezi kwa wanazuoni hao wa pande zote mbili.

Kwa hiyo ifungueni. Kwa kawaida ndani huwa mna karatasi iliyokunjwa. Nenda na mumeo kwa sheikh mnayemwamini nyote wawili, aitoe na kuisoma. Ikiwa ni aya, itahifadhiwa kwa heshima au itazikwa mahali safi. Ikiwa ni talasimu, ataiteketeza. Na mama mkubwa awepo. Naomba sana awepo, aone kwa macho yake na asikie maneno ya sheikh, kwa sababu asipoona, kila mtoto atakapokohoa utalaumiwa wewe.

Hapo itabaki fedha tupu, na hapa namwomba mumeo anisikilize. Wafua fedha wa Oman na wa mwambao wetu waliyeyusha sana reale za Maria Theresa wa Austria, sarafu zilizoendelea kupigwa chapa ya mwaka 1780 muda mrefu baada ya yeye kufa mwaka huohuo. Kila moja ilikuwa na gramu 28 hivi, na sehemu tano kati ya sita zilikuwa fedha halisi. Huenda hirizi ya bibi yako ilizaliwa humo. Kwa mwanamke wa enzi hizo mapambo ndiyo yaliyokuwa akiba yake, mali ambayo hata mumewe hakuwa na haki nayo kisheria; mwaka ukiwa mbaya, bangili moja iliuzwa na watoto wakala. Sonara wako anapima uzito tu. Kazi ya mkono wa fundi haimo katika bei yake, na ikishaingia motoni haitarudi. Mapambo ya namna hiyo yamewekwa katika makumbusho ya Lamu na Bait Al Zubair kule Muscat, watu wanakwenda kuyatazama, na hakuna anayeyaomba kinga.

Karatasi ikishatoka, mimi ningeitunza, na binti wa nyumba akiolewa ningempamba nayo mbele ya wanawake wenzake. Usimvalishe mgonjwa tena, wala usiitundike mlangoni. Na kama moyo wa mumeo bado unaikataa, mpe dada yako akuwekee. Nyumba yako ina thamani zaidi.

Liko jambo moja hukuligusa katika barua yako. Bibi alikukabidhi mwenyewe akiwa hai na mzima? Kama ndivyo, ni zawadi, ni mali yako. Lakini kama uliichukua sandukuni baada ya mazishi, basi imo katika mirathi, na mjukuu hana fungu wana wa kiume wa marehemu wakiwa hai, isipokuwa kama alikuusia, na wasia wenyewe hauzidi theluthi. Kama hakukukabidhi wala kukuusia, si haki yako kuitupa wala kuiuza. Waite wajomba na mama zako, muiweke mezani. Ukiitaka, sema mapema, na uwe tayari kuwalipa mafungu yao.