Kufundisha Uchunguzi wa Stata kwa Kutabiri na Kupima

Mwanafunzi wa ufundi wa magari akikabidhiwa gari lisilowaka, mara nyingi huanza kwa kushika spana. Hufungua stata na kufunga nyingine. Hitilafu ikibaki pale pale, hubadili betri. Kwa desturi hiyo mwenye gari hulipia kifaa kisichoharibika, naye mwanafunzi hapati elimu yoyote. Somo lifuatalo, la dakika 80, humtaka mwanafunzi afikiri kabla ya kufungua.

Maandalizi

Gari linalofaa ni Volkswagen Beetle yenye mfumo wa volti 12. Matoleo ya awali yalitumia volti 6, kwa hiyo mwalimu ahakikishe mapema. Betri imo chini ya kiti cha nyuma, na solenoidi imefungwa juu ya stata. Kebo nene hutoka kwenye betri hadi ncha namba 30 ya solenoidi. Waya mwembamba hutoka kwenye swichi hadi ncha namba 50. Umeme hurudi kupitia utepe wa waya uliosukwa, unaounganisha gia boksi na bodi.

Gari liwekwe juu ya stendi imara, wala si jeki peke yake. Gia iwe nyutro, na waya wa koili utokao kwenye swichi uondolewe ili injini isiwake. Moto usikaribie betri. Stata isizungushwe zaidi ya sekunde 10 kwa mfululizo.

Hatua ya kwanza: kutabiri

Taa za mbele ziwashwe, kisha ufunguo uzungushwe. Kila mwanafunzi aandike aonacho, asikiacho na sababu anayoidhani. Taa zikififia sana, ashuku betri, viungo vyake au stata iliyokwama. Taa zikibaki na mwanga wake bila sauti yoyote, ashuku njia ya kwenda ncha 50 au solenoidi yenyewe. Stata ikivuma bila kuzungusha injini, ashuku meno ya gia yake au ya flaiwili.

Hatua ya pili: kupima

Betri nzuri iliyotulia huonyesha volti 12.6 hivi. Stata inapozunguka, isishuke chini ya volti 9.6. Kisha, stata ikiwa bado inazungushwa, voltimita iwekwe kati ya ncha chanya ya betri na ncha 30, halafu kati ya ncha hasi na ganda la stata. Kila kipimo kisizidi nusu volti. Kikizidi, kebo au viungo vya upande huo ndivyo vyenye kasoro.

Hapa mwalimu hana budi kusisitiza jambo moja: vipimo hivi huchukuliwa umeme ukiwa unatumika. Kebo iliyobakiwa na nyuzi chache huonyesha volti zote ikiwa haina mzigo, lakini hushindwa mara stata inapodai umeme mwingi.

Mwisho ipimwe ncha 50, ufunguo ukiwa umezungushwa. Katika Beetle waya huu ni mrefu na hupitia swichi. Ukichakaa, solenoidi hukosa nguvu ya kuvuta, hasa injini ikiwa moto. Ncha 30 na 50 zikipata umeme wa kutosha, na ganda likiwa na njia nzuri ya kurudi, hapo ndipo stata ifunguliwe na kaboni zake zikaguliwe.

Tathmini

Mwalimu aweke kipande chembamba cha plastiki ndani ya kiungo cha waya wa ncha 50, wanafunzi wasione. Atakayepima kwenye kiungo cha waya atakuta volti 12 na kuilaumu solenoidi. Atakayepima kwenye ncha yenyewe atakuta sifuri. Alama zitolewe kwa mfululizo wa hoja alioandika mwanafunzi, wala si kwa jibu pekee, kwa kuwa anayebahatisha leo akapata, kesho atamuuzia mtu stata asiyoihitaji.