KUPANGA JUMA MOJA LA MASOMO KATIKA DARASA LA PILI

Wako wanafunzi wetu wa Kidato cha Nne ambao baada ya mtihani watataka kuingia chuo cha ualimu. Tena wako wazazi hapa Sibwesa ambao kila jioni humwona mtoto akirudi na daftari, wasijue wao wenyewe watakiwa kufanya nini. Kwa ajili ya hao naandika maneno haya. Kabla ya kuja kufundisha sekondari nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi, na sehemu kubwa ya ninayoyajua juu ya kazi ile niliyapata kwa kukosea.

Kosa moja nitalisema mapema. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mpango wa juma ulioandikwa vizuri sana, kwa wino wa rangi mbili, na mwalimu mkuu aliusifu. Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili niliwapa watoto 64 hesabu 20 za kufanya nyumbani. Jumatatu watoto 9 tu ndio walioleta. Nikawaamuru waliobaki wakae ndani wakati wa mapumziko mpaka wamalize. Msichana mmoja mdogo alilala juu ya daftari lake, nami nikamwamsha kwa maneno makali. Jioni nilikutana na baba yake njiani. Alinisalimu kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, mtoto alikuwa shambani kuamia ndege siku zote mbili, tangu alfajiri. Mpunga ukiliwa, hata hilo daftari silipati." Hakuongeza neno, akaenda zake. Nilipofika nyumbani niliutazama tena ule mpango wangu wa rangi mbili. Hapakuwa na mahali hata pamoja palipoonyesha kwamba Aprili ni mwezi wa ndege.

Basi mtu akitaka kupanga juma, asianze na kitabu cha muhtasari. Aanze na kalenda ya kijiji. Huku kwetu Januari na Februari ni palizi. Mpunga unapotoa masuke watoto huitwa kuamia. Kisha huja mavuno. Mvua ikiwa nyingi mito hujaa, na watoto wanaokaa ng'ambo hawawezi kuvuka. Iko pia siku ya gulio, ambayo kila kijiji kina yake. Siku hiyo viti huwa vitupu, na mwalimu anayeanza jambo jipya siku hiyo atalazimika kulifundisha mara mbili. Siku ya gulio yafaa iwe ya kurudia yaliyopita.

Sasa tuje kwenye karatasi. Mwalimu wa Tanzania huandika azimio la kazi kwa muhula, na huandika andalio la somo kwa kipindi kimoja. Juma limesimama katikati ya hayo mawili, na kwa kuwa wakaguzi hutazama zaidi azimio na andalio, juma husahauliwa. Lakini mtoto wa miaka minane hajui muhula ni nini. Anachokijua ni leo, kesho, na siku ya kupumzika. Ukitaka ashike jambo, lishike kwa siku tano.

Katika darasa la chini kipindi ni dakika 30. Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu hii ndiyo iliyonifungua macho. Tuseme darasa lina watoto 80, na wengi wenu mmesoma katika darasa la namna hiyo. Dakika 30 ni sekunde 1,800. Ukitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma katika kipindi kimoja, kila mmoja atapata sekunde 22 na nusu, nawe hutakuwa umefundisha hata herufi moja. Kwa hiyo walimu wengi huwafanya wote wasome pamoja kwa sauti moja. Darasa hunguruma vizuri, mgeni akipita nje hufurahi, na ndani yake wamo watoto thelathini wanaofuata sauti za wenzao bila kulitazama neno lenyewe.

Lakini gawanya 80 kwa siku tano, utapata 16. Watoto 16 kwa siku, dakika moja kila mmoja, ni dakika 16. Zinabaki 14 za kufundisha jambo jipya na kuandika ubaoni. Hata hivyo, wale 64 wasiosoma na mwalimu wasikae bure: wawekwe wawili wawili, mmoja asome, mwenziwe afuate kwa kidole. Ikifika Ijumaa umemsikia kila mtoto peke yake mara moja. Nilikuwa na daftari dogo la majina, na mbele ya jina niliandika alama moja tu: anasoma, anasitasita, hasomi. Baada ya majuma matatu daftari lile lilinifaa kuliko mtihani, kwa kuwa lilinionyesha mtoto aliyekuwa akirudi nyuma kabla hajapotea kabisa.

Jambo la kusoma lichaguliwe moja kwa juma. Mathalan juma hili ni sauti mb: mba, mbe, mbi, mbo, mbu. Jumatatu silabi zenyewe, pamoja na maneno ambayo mtoto huyaona kila siku, kama mbuzi, mbegu, mboga, shamba. Jumanne sentensi fupi. Jumatano watoto waseme sentensi zao wenyewe, mwalimu aziandike ubaoni, wazisome. Hapa Sibwesa hatua hii ya tatu isirukwe, maana darasa moja huwa na watoto waliolelewa kwa Kibende, Kisukuma, Kifipa au Kiha, na wapo wanaoweza kulitamka neno lote wasijue maana yake. Mtoto akiisema sentensi yake mwenyewe, maana haipotei. Alhamisi kuandika imla ya maneno sita, si ishirini. Ijumaa kurudia.

Kwa hesabu nitatoa mfano mmoja tu. Watoto wengi wakipewa 37 jumlisha 25 huandika 512. Mwalimu mgeni hucheka au hukasirika, lakini mtoto amefikiri: 3 na 2 ni 5, 7 na 5 ni 12, akaviweka kando kwa kando. Chaki haitamwondolea kosa hilo. Jumatatu wapeleke nje waokote vijiti, wafunge kumi kumi kwa ugwe. Thelathini na saba ni mafungu matatu na vijiti saba. Ishirini na tano ni mafungu mawili na vijiti vitano. Vijiti vilivyo peke yake vikiwekwa pamoja ni kumi na viwili: wafunge kumi, vibaki viwili. Mafungu sasa ni sita. Sitini na mbili. Wacha wafanye hivyo siku mbili nzima bila kuandika. Siku ya tatu ndipo waandike makumi na mamoja, na daftari litakuwa linaeleza jambo ambalo mikono imekwisha kulifanya.

Madarasa makubwa si jambo geni katika nchi yetu. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977, na walimu walipopungua, vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini. Tena elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto waliojiandikisha darasa la kwanza waliongezeka mno. Mara zote mbili mlango ulifunguliwa kabla viti havijatosha. Mimi siwalaumu waliofungua. Lakini mwalimu apange kwa darasa alilo nalo, asipange kwa darasa la watoto 40 lililomo kitabuni.

Nimefika kwenye kazi za nyumbani, ambapo mimi na walimu wenzangu wengine hatupatani. Wao husema mtoto asiyepewa kazi nyingi huwa mvivu. Nami nauliza: nani atazisahihisha? Daftari moja kwa dakika moja, watoto 80, ni dakika 80. Ukitoa kazi kila siku kwa siku tano, ni dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40 kwa somo moja tu. Kwa masomo matatu ni saa 20. Hakuna mwalimu mwenye saa hizo. Matokeo yake daftari hupigwa alama ya vema bila kusomwa, na mtoto huliona hilo upesi kuliko tunavyodhani. Kazi isiyosahihishwa ni afadhali isitolewe.

Mimi baadaye nilitoa kazi ya kuandika mara mbili kwa juma, Jumatatu na Jumatano, hesabu nne au maneno matano, na Ijumaa sikutoa kabisa. Jioni nyingine kazi ilikuwa kumsomea mtu mzima mistari michache. Tena iwe mapema. Huku kwetu magharibi jua huchwa karibu saa moja, basi mtoto aliyerudi saa tisa, akachota maji, bado ana nafasi ya robo saa nje ya nyumba kabla ya giza, wala hapana haja ya taa.

Hapa nawageukia wazazi, na hasa wale wanaosema, "Mwalimu, sisi hatukusoma, tutamsaidiaje?" Mama asiyejua herufi hata moja anaweza kumpima mtoto wake. Amwambie asome mistari ile huku akionyesha kila neno kwa kidole. Akimaliza, amwambie, "Soma tena." Kama mara ya pili maneno yamebadilika, au kidole kimetangulia na mdomo umebaki nyuma, mtoto alikuwa akikariri. Kisha mama amwonyeshe neno moja katikati, bila kufuata mpango, na kuuliza, "Hili ni nini?" Anayesoma atajibu. Anayekariri atarudi mwanzo wa mstari. Kesho yake mama amtume kaka au dada kumweleza mwalimu. Wanafunzi wetu wa sekondari mnaokaa na wadogo zenu, kazi hii ni yenu pia, wala haizidi dakika tano.

Imebaki Ijumaa. Kipindi cha mwisho nilikuwa nawapa watoto uimbaji au bustani, nami jioni nilikaa na daftari la majina kwa nusu saa. Niliandika mambo matatu: kitu gani hakikueleweka, nani hakuja na kwa nini, na Jumatatu nianze na nini. Sehemu ya maoni chini ya andalio la somo mara nyingi huandikwa "somo limeeleweka", hata siku ambayo nusu ya darasa ilikuwa shambani. Nilijizuia kuandika maneno hayo. Juma moja niliandika, "Mb bado kwa watoto 23. Turudie," na juma lililofuata sikuingia sauti mpya, ingawa azimio la kazi lilinitaka.

Mfano wa mpango wa juma nzima, pamoja na daftari la majina lililopigwa mistari, nimeuweka juu ya meza ya vitabu katika chumba cha walimu. Anayetaka kuunakili aje baada ya masomo, ila aje na kalamu yake.