Jasho Lisilo la Malaria: Kuchagua Tiba Hedhi Inapokoma

Mwanamke wa miaka 48 anaamka usiku wa manane, kanga imelowa, moyo unadunda, uso na kifua vinawaka. Asubuhi anakwenda zahanati, anapimwa malaria, haipo. Baada ya wiki mbili hali ni ileile, naye anapewa dawa ya malaria kwa tahadhari tu. Mwenzake anaambiwa ni presha. Mwingine anapelekwa kuombewa kwa sababu mume ameanza kulalamika kuwa mke wake amebadilika. Katika safari zote hizo, mara nyingi hakuna aliyewauliza swali jepesi kabisa: siku zako zinakwendaje?

Tulipovunja ungo, somo au shangazi alitukalisha akatufunda. Tulipoolewa, kungwi akaja tena. Lakini hedhi inapokata, mwanamke huachwa peke yake, na anayemfikia kwanza huwa muuza dawa: kopo la unga kando ya barabara, chupa ya mafuta kwenye kundi la WhatsApp, ahadi ya kurudisha usichana ndani ya siku saba. Ninaandika ili asinunue kwa hofu wala kwa aibu, bali kwa kujua anachokinunua, kiwe cha mitishamba au cha hospitali.

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, pasipo mimba, kunyonyesha wala sindano ya majira kuwa sababu. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Ikikoma kabla ya miaka 40 si jambo la kungoja. Muone daktari, kwani mifupa na moyo vitakaa muda mrefu mno bila homoni. Ila vurugu kubwa huanza miaka kadhaa kabla ya hedhi kukoma. Ovari hutoa homoni ya estrojeni bila mpangilio, leo tele, kesho haba. Ndiyo maana mwezi huu damu inamwagika na mwezi ujao haionekani. Sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili nayo huwa nyepesi kushtuka: badiliko dogo tu la joto, na mwili unaanza kujipoza kwa nguvu zote, mishipa ya ngozi inafunguka na jasho linatoka. Usingizi unakatika, hasira inakuwa karibu, viungo vinauma, uke unakauka.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi ulionyesha kuwa kwa wanaopata joto hilo mara kwa mara, hudumu kwa kiasi cha miaka saba, na kwa Wamarekani weusi karibu miaka kumi. Kwa hiyo anayekwambia "vumilia, litapita" hajui anakuomba uvumilie muda gani.

Anza na daftari. Kwa mwezi mmoja andika joto lilikuja saa ngapi, lilikuamsha au la, damu ilitoka lini na kwa kiasi gani, ulilala vipi. Kisha chagua tatizo moja linalokunyima raha kuliko mengine yote. Naiona hatua hii kuwa na thamani kuliko zote, kwa sababu hakuna tiba ya "ukomo wa hedhi" kwa ujumla wake. Krimu inayoponya uke mkavu haizuii jasho, na kidonge cha kupunguza jasho si lazima kijenge mfupa. Anayekwenda kwa mganga au kwa daktari akisema "mwili wote haupo sawa" hurudi na kitu cha mwili wote, yaani vitamini.

Daftari hilo litasaidia pia kuondoa magonjwa yanayofanana na hali hii. Joto la ukomo wa hedhi huja na kuondoka kwa dakika chache, na kipimajoto hakionyeshi homa; kikionyesha, pima malaria. Jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au kukonda, peleka makohozi yapimwe kifua kikuu. Mikono ikitetemeka na moyo kwenda mbio hata ukiwa umetulia, omba kipimo cha tezi ya shingo. Na hedhi iliyoruka kwa mwanamke wa miaka 46 inaweza kuwa mimba. Endelea na uzazi wa mpango hadi utimize mwaka mmoja bila hedhi kama umepita miaka 50, au miaka miwili kama hujafika.

Kipimo kimoja unaweza kukiacha: kile cha kiwango cha homoni. Ukiwa na zaidi ya miaka 45 na dalili zikionekana wazi, hakihitajiki, maana homoni hupanda na kushuka wiki hadi wiki na jibu la leo halisemi la kesho. Fedha hiyo ipeleke kwenye kupima presha na sukari.

Sasa tuje kwenye tiba. Wengi wetu tumezoea kuzigawa mafungu mawili: ya asili isiyo na madhara, na ya hospitali iliyojaa kemikali. Mgawanyo huo haushiki. Kidonge cha homoni kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 1942, Premarin, hutengenezwa kwa mkojo wa farasi jike wenye mimba. Ukitafuta cha asili, hicho ni cha asili. Na homoni nyingi za leo zinazofanana kabisa na za mwili wa mwanamke hutengenezwa maabara kutokana na mimea. Njia hiyo aliifungua mkemia Mmarekani Russell Marker, ambaye miaka ya 1940 alitengeneza homoni ya projesteroni kwa wingi kutoka kwenye viazi vikuu vya porini vya Mexico. Lakini kazi hiyo hufanywa na maabara. Mwili hauwezi. Krimu ya kiazi kikuu cha porini unayouziwa kama "homoni ya asili" haigeuki kuwa homoni ikipita kwenye ngozi yako.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Wataalamu walipokusanya majaribio ya tiba ya homoni, waliona kuwa hata wanawake waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote walipungukiwa na joto kwa zaidi ya nusu. Matumaini, kuangaliwa na mtu, na muda wenyewe kupita vilifanya kazi. Kwa hiyo jirani anayeapa kwamba unga fulani umemponya hasemi uongo, ila ushuhuda wake hautoshi kukufanya utoe shilingi laki moja. Uliza maswali yaleyale kwa unga na kwa kidonge: kimejaribiwa dhidi ya kitu kisicho dawa? Kina madhara gani? Kinagombana na dawa ninazomeza? Nikikianza, nitajuaje baada ya miezi mitatu kuwa kimefanya kazi? Daftari litakujibu la mwisho.

Kwa maswali hayo, mitishamba mingi inabaki chakula kizuri tu. Soya imechunguzwa sana na majibu yamepingana. Kula maharage yake au uji wake kwa faida nyingine, usiitegemee kwa jasho. Mlonge ni mboga bora, lakini haujathibitishwa kuzima joto hili. Uwatu hushusha sukari ya damu, hivyo anayetumia dawa za kisukari anaweza kuishiwa nguvu ghafla. Mmea wa Amerika ya Kaskazini unaoandikwa black cohosh kwenye chupa una matokeo ya kubahatisha, na wapo watumiaji wachache walioripotiwa kuumia ini. Ukienda kwa tabibu wa tiba asili Tanzania, una haki ya kumuuliza usajili wake. Sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa kazi hiyo. Unga usioandikwa kilichomo usiuguse, kwani unaweza kuwa umechanganywa na dawa za hospitali bila wewe kujua. Na kujifukiza ukeni, au kuingiza vidonge vya majani ili "kubana", acha kabisa. Ngozi ya huko sasa ni nyembamba. Inaungua na kuchanika upesi.

Vipo visivyo vya dawa vilivyothibitika. Kupunguza uzito kwa aliyenenepa hupunguza joto. Mazungumzo ya kitaalamu ya kubadili namna ya kufikiri na mwenendo hayafuti joto, lakini hupunguza sana linavyokusumbua na huleta usingizi; mwenye nafasi ya kumpata mshauri nasaha asidharau. Nguo ya pamba badala ya nailoni, feni, na kuacha pombe au pilipili kama daftari linaonyesha ndizo zinazowasha moto, ni nafuu ndogo lakini ya bure.

Kwa asiyeweza au asiyetaka homoni, daktari ana dawa nyingine. Venlafaksini, ambayo kwa kawaida ni ya sonona, hupunguza joto. Gabapentini huwafaa zaidi wanaoteseka usiku kwa sababu inaleta usingizi. Anayetumia tamoksifeni kwa saratani ya matiti amwambie daktari mapema, maana baadhi ya dawa za sonona, paroksetini hasa, huizuia isifanye kazi vizuri.

Homoni yenyewe ndiyo tiba yenye nguvu kuliko zote kwa joto na jasho, na ndiyo inayoogopwa kuliko zote. Hofu hiyo ina tarehe. Mwezi Julai 2002, watafiti wa Marekani walisimamisha sehemu ya utafiti iliyokuwa na wanawake 16,608 waliogawanywa, wengine wakimeza estrojeni pamoja na projestini (homoni iliyoundwa kufanya kazi ya projesteroni), wengine kidonge kisicho dawa. Habari ikaenea duniani kwamba homoni zinaleta saratani ya matiti, na mamilioni wakaacha. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: kwa kila wanawake 10,000, kwa mwaka, waliopata saratani ya matiti walizidi kwa 8. Kiharusi na damu kuganda navyo viliongezeka, huku waliovunjika nyonga wakipungua. Tena wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, wengi wakiwa wameshakaa miaka mingi tangu hedhi ikome. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa kwa mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au asiyepita miaka kumi tangu hedhi ikome, na anayesumbuka kweli, kwa kawaida faida inazidi hatari. Huo ndio msimamo wa vyama vikubwa vya wataalamu leo. Nasikitika kwamba kizazi kizima cha wanawake kilibaki na kichwa cha habari bila hesabu yake.

Masharti yapo, na si ya mapambo. Mwenye kizazi lazima apewe estrojeni pamoja na projesteroni; estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa kizazi na inaweza kuleta saratani. Projesteroni hiyo inaweza kuwa kidonge, au kitanzi chenye homoni. Estrojeni ya kibandiko au jeli ya ngozi haiongezi hatari ya damu kuganda kama kidonge kinavyofanya, kwa hiyo mwenye presha au uzito mkubwa aiulizie kwanza. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda, mwenye ini gonjwa, au anayetokwa damu isiyojulikana chanzo, kwa kawaida hapewi. Anayemeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI au za kifua kikuu azitaje kwa majina: efavirenzi na rifampisini hushusha homoni mwilini hadi isifanye kazi.

Na tafadhali, usijitibu kwa vidonge vya majira kwa sababu ni vya bei nafuu na vipo kila duka la dawa. Estrojeni yake ni kali zaidi, na kwa mwanamke wa miaka 50 mwenye presha inaweza kuleta kiharusi. Dawa za homoni za umri huu hazipatikani kila mahali. Uliza duka kubwa la dawa mjini na uulize bima yako kabla ya kuanza, usije ukakatisha njiani.

Kuhusu uke mkavu nitasema wazi, kwa kuwa ndoa nyingi zinaumia kimyakimya. Wanawake huvumilia maumivu, waume wakadhani wamechokwa. Kilainishi cha maji kinasaidia wakati wa tendo. Mafuta ya nazi nayo hulainisha, lakini huharibu kondomu za mpira. Ikiwa ukavu ni wa kila siku, unawasha, au unaleta maambukizi ya mkojo yasiyoisha, estrojeni kidogo ya krimu au kidonge cha kuweka ukeni huponya ngozi yenyewe, na kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno. Hii haina hatari zile nilizozihesabu, ingawa aliyewahi kuwa na saratani ya matiti amshirikishe daktari wake kwanza. Isipotumika, ukavu hurudi. Haupiti na miaka kama joto.

Mfupa nao hupungua upesi miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Dagaa wanaotafunwa na mifupa yao, maziwa, ufuta, kutembea, kulima na kubeba vitu vizito kiasi ndiyo kinga. Mchicha ni mzuri, ila kalsiamu yake nyingi mwili hauipati.

Jambo moja halingoji daftari. Damu ikionekana tena baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone la rangi ya chai kwenye nguo ya ndani, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Usikubali maneno kwamba ujana umerudi. Mara nyingi chanzo ni ukavu au kinyama kisicho na hatari, lakini saratani ya kizazi na ya mlango wa kizazi hujitangaza hivyohivyo, na zikikutwa mapema hutibika. Omba uchunguzwe mlango wa kizazi, ufanyiwe ultrasaundi ya kupima unene wa ukuta wa kizazi, na ukuta ukikutwa mnene, uchukuliwe kipande kikapimwe maabara.